Shangazi, nanena kwa lugha na mchungaji amenichukulia maiki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala, nauza dagaa na mafuta ya kupikia sokoni. Nimeokoka tangu 2009. Karama ya kunena kwa lugha niliipokea 2014 kwenye mkutano wa injili, usiku, mvua inanyesha na hakuna aliyekimbia. Baadaye Mungu akaanza kunionyesha mambo ya watu. Sijisifu, nakueleza tu ili unielewe.

Kanisa letu si kubwa. Ni bati bila dari na mabenchi kumi na mawili, lakini baada ya malipo ya korosho ya mwaka juzi tulichangishana tukanunua spika mbili na maiki mbili. Mimi nipo idara ya maombi, kwa hiyo kabla ya neno huwa naongoza maombi.

Sasa Jumapili moja ya Novemba mdogo wangu alileta mtoto wake kuwekwa wakfu. Watu walijaa, hata majirani zake Waislamu walikuja kutushika mkono, maana huku kwetu sherehe ya mtoto haina dini. Nikashika maiki, nguvu ikashuka, nikanena kwa lugha kama dakika 40 hivi. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa na kanzu na kofia yake benchi la nyuma, alitoka akaenda kukaa chini ya mwembe mpaka mwisho. Hilo sikulijali, kila mtu ana imani yake. Kisha nikaonyeshwa jambo. Nikasema kwenye maiki kuna binti hapa, yuko kwaya, anaimba sauti ya pili, amebeba siri tumboni, Bwana anasema atubu leo. Sauti ya pili wapo wanne, na watatu kati yao wameolewa. Watu wote wakamgeukia yule wa nne.

Mchungaji akaja, akaichukua maiki mkononi mwangu, akasema, "Asante mama, keti." Mbele ya watu wote! Wiki iliyofuata wazee wakaniita, wakasema nipumzike maiki "kwa muda". Muda gani, hawakusema. Mpaka leo ninapokuandikia ni miezi mitatu.

Na Shangazi, ilikuwa kweli. Yule binti ana mimba, sasa inaonekana. Ana miaka 20. Hajarudi kanisani tangu siku ile, na mama yake tukikutana sokoni anapita kama hajaniona, wakati zamani tulikuwa tunakopeshana mpaka chumvi. Nimekosa nini kama nilichosema kilikuwa kweli? Biblia inasema msimzimishe Roho. Wapo wanaonitia moyo nianzishe huduma yangu, na mama mmoja ameshanipa uwanja wake chini ya mikorosho, jenereta analo. Hata nyumbani sieleweki. Mama yangu mzazi ni mtu wa Kimakonde, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Siku ile tunarudi aliniuliza, "Leo mlikuwa mnasema nini?" Nikamwambia, mama, hayo ni ya rohoni.

Niambie kweli, nimtii mchungaji au nimtii Mungu?

Mwenye Moto, Newala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, jioni na asubuhi, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja. Si pale ulipopokonywa maiki. Ni mwishoni, pale ulipopita mbiombio, mama yako alipokuuliza mlikuwa mnasema nini. Bibi wa watu ameamka alfajiri, ameoga, amevaa khanga yake ya Jumapili, amekaa kwenye benchi lisilo na mgongo saa tatu nzima, na njiani anauliza kilichosemwa. Ukamjibu kwamba ni ya rohoni. Mwanangu, na yeye roho anayo.

Kabla hujanikasirikia, nikutoe hofu. Sitakuambia karama yako ni ya uongo. Sikuwepo, na hata ningekuwepo isingekuwa kazi yangu kupima moyo wako. Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho kwa sababu ya jambo hilihili, hakuwaambia wanaigiza. Aliwaambia yeye ananena kwa lugha kuliko wao wote. Kisha akasema kanisani angependa maneno matano ya kueleweka kuliko maneno elfu kumi kwa lugha. Matano! Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hiyo huhitaji kuhesabiwa.

Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili, Kenkrea upande wa mashariki na Lekaio upande wa magharibi, na watu wa kila lugha walipita humo na mizigo yao. Paulo aliishi pale mwaka mmoja na miezi sita akishona mahema na kuhubiri, kisha akaondoka, na habari zikamfuata Efeso kwamba kanisa linagombana. Barua aliyowaandikia, kama mwaka 55 hivi, ndiyo hiyo tunayoisoma. Sisi waombaji tuna kawaida ya kuifungua sura ya 12, zilipoorodheshwa karama, na sura ya 14, zilipo lugha na unabii. Rudi nyuma kidogo mpaka sura ya 11. Utakuta wanakula chakula cha Bwana, wenye navyo wanatangulia na kushiba mpaka kulewa, na maskini asiye na kitu anabaki na njaa yake. Nadhani Paulo aliona ugonjwa mmoja kwenye meza na kwenye maombi. Mtu anashiba peke yake mbele ya wenye njaa, halafu anamshukuru Mungu kwa sauti.

Dakika zako 40 zilikuwa hivyo. Wewe ulishiba, na siwezi kusema hukushiba. Lakini soma tena sura ya 14, pale anapouliza yule aketiye mahali pa mjinga ataitikiaje Amina ikiwa hajui unachosema. Mjinga hapo si mpumbavu, ni mtu ambaye hajafundishwa mambo hayo, mgeni wa shughuli. Kwenye kanisa lenu siku ile walikuwa wawili ninaowajua kwa barua yako tu. Mmoja aliishia chini ya mwembe na kanzu yake, mtu aliyekuja kwa heshima ya mtoto wa jirani. Wa pili ni aliyekuzaa. Umeandika kwamba yule mzee hukumjali kwa kuwa kila mtu ana imani yake. Paulo alimjali. Anamtaja asiyeamini kabisa, kwamba akiingia akawakuta wote mnanena kwa lugha atasema mna wazimu, na halaumu yule mgeni kwa kusema hivyo.

Utaratibu aliouweka ni mfupi kuliko katiba ya kikoba. Wanene wawili, wakizidi watatu, tena zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mnenaji anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu. Hajakatazwa kunena, ameonyeshwa mahali pa kunenea. Na ukiniambia nguvu ikishuka huwezi kujizuia, jibu limo humohumo: roho za manabii huwatii manabii. Unaweza kusimama. Bodaboda isiyo na breki hatuisifii mwendo.

Halafu hilo la "msimzimishe Roho". Umenikatia mstari, mwanangu. Uendelee mbele hapohapo kwenye Wathesalonike utakuta "msitweze unabii", na baada yake "jaribuni mambo yote". Na kwa Wakorintho anasema manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Maana yake unabii ukisemwa haujamalizika, unapimwa na wenzako. Sasa wazee wamekuita kupima, wewe unaona wamekuja na ndoo ya maji kuzima moto. Inawezekana wamepima vibaya, nitalifikia hilo. Ila kupima ni haki yao.

Nije kwa yule binti, maana hapa ndipo sikulala vizuri.

Unauliza umekosa nini kama ulichosema kilikuwa kweli. Wewe ni mtu wa Newala, umekulia kwenye korosho, kwa hiyo nitakueleza kwa korosho. Korosho ghafi ni chakula kweli, hakuna anayebisha. Lakini mpe mgeni aing'ate na ganda lake uone. Yale mafuta ya ganda yatambabua midomo na ulimi, atakaa wiki hali pilipili. Ndiyo maana bibi zetu huzikaanga kwanza kwenye bati lililotobolewa, wakageuza uso moshi unapopanda, wakazifukia mchangani moto uzimike, kisha wakajipaka majivu mikononi ndipo wakae chini kubangua, moja moja, kwa jiwe. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya mdomo wa mwingine. Wewe ulipewa neno likiwa na ganda, ukamtupia mtoto wa watu mdomoni likiwa na ganda, kwenye spika mbili.

Tena ulisema "sauti ya pili". Wapo wanne, watatu wana waume. Ungemtaja jina ingekuwa afadhali, angalau usingewaachia watu raha ya kuhesabu.

Mambo ya mwili wa binti huku kwetu tunayasemea wapi? Chumbani, mlango umefungwa, na mtu mzima wa kumshika mkono. Hata kungwi, na maneno yake yote, hayatoi barazani. Na kwa Wamakonde mjomba wake ndiye angepaswa kujua kabla ya kwaya, kabla ya wazee, kabla ya majirani waliokuja kula pilau ya mtoto. Ukiniambia hizo ni mila na wewe umeokoka, basi soma Mathayo sura ya kwanza. Yusufu alimkuta mchumba wake ana mimba, akidhani anachokidhani. Maandiko yanamwita mtu wa haki, na haki yake inaonekana kwa jambo moja tu: hakutaka kumwaibisha, akaazimu kumwacha kwa siri. Hiyo ni kabla malaika hajamwambia neno lolote. Wewe unasema uliambiwa na Mungu mwenyewe, ukafanya tofauti na Yusufu ambaye alikuwa hajaambiwa kitu.

Mimi nadhani, na hili ni la kwangu, kwamba Mungu alikuonyesha yule binti ili awe na mtu mmoja kanisani wa kumkimbilia. Mimba changa, baba wa mtoto labda ameshaanza kukwepa simu, mama haijui, na kwenye mabenchi kumi na mawili kuna mwanamke mmoja anayejua na hajamhukumu. Hebu fikiri ungemfuata Jumatatu na kumwambia, "Njoo unisaidie kupima mafuta." Basi. Angelia mwenyewe juu ya magaloni yako, na Jumatano mngekuwa kliniki.

Usidhani nakusema nikiwa juu ya mti. Miaka ile nikiwa na nguvu, Lindi, niliombwa kufunga kwa sala fupi kwenye msiba wa jirani. Fupi, walinisisitizia. Nikasimama, nikaanza kwa Adamu. Nilipita Misri, nikavuka Yordani, jua la saa saba liko utosini na jeneza lipo mezani. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wameegemea majembe yao. Nilipofika Amina, nimelowa jasho na nimeridhika, mzee mmoja wa mtaani alinivuta pembeni akaniambia kwa adabu, "Mama, dua yako nzuri sana, ila marehemu amechoka." Nilichukia wiki nzima. Nilisema hana Roho. Ilinichukua muda kukubali kwamba mjane sikuwa nimemtazama usoni hata mara moja, nilikuwa nimefumba macho nafurahia sauti yangu.

Kuhusu mchungaji wako. Kukuchukulia maiki wakati ule alifanya sawa, angechelewa kidogo tu nisingemsamehe. Lakini "upumzike kwa muda" bila kusema muda gani, na miezi mitatu imepita hakuna aliyekuja kukaa nawe, hapo wamekosea wazee. Paulo amekataza kanisani lisilofasiriwa, na mstari wa 39 wa sura hiyohiyo amesema msizuie kunena kwa lugha. Kanisa linalojua kunyamazisha tu, halijui kupangia, nalo halijaisoma sura mpaka mwisho. Kusini tunao mfano wetu. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi ilipoanzishwa 1926, aliikuta jando. Kwingineko wamisionari wengi walikuwa wakipiga marufuku mambo kama hayo. Yeye aliitengenezea utaratibu wa Kikristo, vijana wakaingia jandoni na sala. Watu wanamjadili mpaka leo kama alipatia yote, lakini moto aliokuta hakuumwagia maji, aliujengea mafiga.

Nenda kamuombe mchungaji mafiga. Nenda na mume wako kama yupo, au na mama mtu mzima mmoja mnayeheshimiana, na usianze na Wathesalonike. Muombe mkesha wa Ijumaa au saa ya maombi ya asubuhi, ambapo wapo wanaojua wanachofanya na hakuna mgeni wa kushtuka. Muombe pia watu wawili, mmoja awe mwanamke, ambao ukionyeshwa jambo la mtu utawaambia wao kwanza, kimya, kabla hujagusa maiki. Akikataa yote, niandikie tena, tutazungumza mengine. Sidhani atakataa. Mchungaji anayesema "asante mama" katikati ya fujo ile ana akiba ya uvumilivu.

Uwanja wa chini ya mikorosho uache. Sina mengi. Kusajili kanisa ni safari ya kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, si jenereta tu, na wanaokusukuma leo hutawaona siku ya kujaza fomu. Tena umeondoka nyumbani umenuna. Mtu aliyenuna akifungua huduma, mahubiri ya mwaka wa kwanza yote yatamhusu mchungaji wake wa zamani.

Kwa yule binti, usimwombe radhi kwenye maiki, hata kama mchungaji atakuruhusu. Utawageuza watu shingo mara ya pili. Nenda nyumbani kwao jioni, jua likishapoa. Usiende na Biblia kwapani wala na kundi la waombaji. Chukua mafuta lita moja na dagaa kidogo, kama ulivyokuwa unapeleka zamani. Mama yake anaweza asikukaribishe kiti. Simama hapohapo uani. Mwambie ulimkosea mtoto wake na ulimkosea yeye, halafu unyamaze. Usiongeze "lakini ilikuwa kweli", hilo neno liache sokoni kabisa. Asipojibu, aga uondoke, urudi wiki nyingine. Mtoto akizaliwa atahitaji nepi, na kutakuwa na siku bibi yake atachelewa shambani na mtu wa kumshika mtoto hayupo. Hapo ndipo utajulikana umeonyeshwa nini.

Na Jumapili hii, kwa kuwa huna maiki, mikono yako iko wazi. Kaa na mama yako. Kimakonde unacho na Kiswahili unacho, na mchungaji wenu, kwa nilivyoelewa, anahubiri kwa Kiswahili tu. Msogelee sikioni umfasirie mahubiri, sentensi kwa sentensi, taratibu, hata kama unaachwa nyuma. Mabibi wengine wa benchi hilo watasogea wenyewe, nawajua. Jioni mkirudi nyumbani, sikiliza kama mama yako atauliza swali gani njiani, uniandikie.

Shangazi